Kwa Nini Hondohondo Jike Huziba Mlango Wake

Watu wakimwona hondohondo dume ameng'ang'ania shina la mti mrefu kwa kucha, na ndani ya shina ncha ya mdomo wa jike ikichomoza kwenye mwanya mwembamba, husema, "Mwone huyo, amemfungia mkewe kwa wivu." Kisha huendelea na safari zao. Kuhusu wivu hawakukosea. Walichokosea ni wivu huo ulikuwa wa nani, na nani aliyeomba udongo.

Tuanzie basi pale ambapo hapakuwa na udongo wowote. Siku hizo milango ya ndege wote ilikuwa wazi. Aliyejenga kwa majani alilala akiona nyota, na aliyeishi ndani ya mti aliingia na kutoka kama anavyoingia na kutoka upepo. Hondohondo mmoja aitwaye Zawena aliishi na mumewe, Sekiete, katika tundu la mvule uliosimama juu kabisa ya mlima. Tundu lile lilikuwa refu kwenda juu na kavu chini, na mlango wake ulikuwa mpana kiasi kwamba Zawena akiketi ndani aliona msitu wote ukishuka hadi bondeni, mahali ambapo mto ulikuwa mstari wa ukungu asubuhi na mstari wa mwanga mchana.

Kiangazi kile Zawena alikuwa na mayai mawili. Desturi ya hondohondo ilikuwa kwamba anayelalia mayai habanduki, na anayetafuta chakula harudi na mdomo mtupu. Mwanzoni desturi hiyo haikumsumbua mtu. Zambarau pori ziliiva upande wa pili wa mti wao, na Sekiete alikwenda na kurudi kabla tawi alilokalia halijapoa, na wakati mwingine walibadilishana vicheko tu wakiwa kila mmoja upande wake wa mti. Lakini zambarau ziliisha. Misitu ya juu ilikauka, na chakula kikabaki bondeni, kwenye mkuyu mmoja mkubwa kando ya mto. Sekiete akaanza kuondoka asubuhi na kurudi jua likiwa limelala. Siku nyingine hakurudi hadi kesho yake.

Hapo ndipo Zawena alipojua ukubwa wa nyumba yake.

Asubuhi aligeuza mayai, upande uliokuwa chini ukawa juu, kwa ncha ya mdomo, polepole. Alichokonoa vipande vya mti vilivyolika na kuvitupa nje. Alipanga upya maganda ya miti aliyolalia, kisha akayapanga tena kama yalivyokuwa mwanzo. Jongoo akipita karibu na mlango alimkamata, akamla, na hiyo ikawa habari kubwa ya siku. Mchana aliongea na mayai. Aliyaambia baba yao anakuja, na baada ya muda alinyamaza, kwa sababu hakupenda kusema jambo ambalo hakuwa na hakika nalo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Mabawa ya hondohondo hayajui siri. Yakiruka huvuma kama ungo mkubwa unaopepeta hewa tupu, na mvumo huo hufika kabla ya mwenyewe. Zawena aliutambua mvumo wa Sekiete kati ya yote: ulikuwa na pigo moja zito na moja jepesi, kwa sababu unyoya mmoja wa bawa lake la kushoto uliwahi kuvunjika na kuota upinde. Aliusikiliza hadi akaanza kuusikia hata usipokuwepo. Upepo ukipita kwenye mikindu, alinyoosha shingo. Kisha aliirudisha, akayageuza mayai ambayo alikuwa ameshayageuza.

Jirani yake pekee aliyekuwa na muda wa maneno alikuwa Mama Chozi, yule ndege mdogo wa maua, ambaye hutembelea kila ua na kila nyumba na haketi popote. Siku moja alisimama hewani mbele ya mlango, mabawa yakimetameta.

"Hodi hapo, jirani!"

"Karibu. Karibia tu, mimi siwezi kuinuka."

"Najua, mama, uko kazini. Nimempitia shemeji kule bondeni. Hajambo. Tena hajambo sana."

"Hajambo sana vipi?"

"Aa, nimesema tu."

"Mama Chozi, huwezi kusema hajambo sana, halafu ukasema umesema tu."

"Basi ameketi vizuri, kivulini, anakula na Kulukulu, yule ndege jike wa mtoni. Wanacheka. Kuna ubaya gani mtu kucheka? Na yule Kulukulu naye, Mungu amempa! Ukimwona ametulia ni kijani tupu, kama jani. Akifungua mabawa sasa, ndani ni nyekundu, mama! Nyekundu hasa, kama bitana ya koti la sikukuu." Mama Chozi akachungulia ndani ya tundu. "Lakini na wewe nyeusi yako imekukaa. Haishiki uchafu."

Akaondoka zake kwenda kwenye ua lingine.

Zawena aliinamisha kichwa akajitazama. Alikuwa mweusi kifuani, mweusi mgongoni, mweupe kidogo kiunoni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuona vizuri. Alifungua bawa moja kadiri tundu lilivyoruhusu, akatazama ndani yake kana kwamba huenda kulikuwa na kitu alichosahau kukiangalia miaka yote. Ndani pia palikuwa peusi.

Jioni ile mvumo ulikuja, pigo zito na pigo jepesi, na Sekiete akatua mlangoni. Siku hizo hondohondo dume alibeba chakula kwenye ncha ya mdomo tu, kama mgeni anavyobeba zawadi, hivyo alileta kuyu moja nono. Zawena hakulimeza. Aliliviringisha mdomoni, akalinusa upande huu, akalinusa upande ule.

"Bichi?" Sekiete akauliza.

"Limeiva. Ulikaa na nani huko?"

"Na mwenye mti."

"Mwenye mti ni nani?"

"Kulukulu."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Hukuwahi kuniuliza, mke wangu."

Sekiete hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache, kwa mwenye wivu, ni nafasi tupu ambayo yeye mwenyewe huijaza. Alimweleza kwamba mkuyu ule ulikuwa na desturi yake. Hakuna aliyeruhusiwa kubeba tunda kabla hajaketi na mwenye mti, akala naye, na kumpa habari za nyumbani kwake. Ndiyo maana alichelewa. Mtu hawezi kupokonya tunda na kuruka kama mwizi.

"Na habari za nyumbani unazompa ni zipi?"

"Kwamba hujambo. Kwamba mayai hayajambo."

"Na hilo ndilo linalowachekesha?"

Sekiete akasema amechoka.

Kuanzia siku ile Zawena hakukaa tena nyumbani peke yake. Alikaa na Kulukulu. Akigeuza mayai, Kulukulu alikuwa bondeni akifungua mabawa. Akipanga maganda ya miti, Kulukulu alikuwa akimsogezea Sekiete tawi lenye matunda mengi zaidi, akimwambia kula, kula kwanza, safari ni ndefu. Zawena aliisikia sauti yake, akaona shingo yake, akaona jinsi anavyoinamisha kichwa mtu akimweleza habari. Hakuwahi kumwona hata mara moja, lakini hapakuwa na unyoya wa Kulukulu ambao Zawena hakuujua. Sekiete akirudi mapema, aliwaza, leo wamegombana. Akichelewa, aliwaza, leo wamepatana. Akileta kuyu kubwa, lilikuwa la kumnyamazisha. Akileta dogo, kubwa lilikuwa limeliwa na mwingine.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza kila jioni.

"Bondeni," Sekiete alijibu kila jioni.

Asubuhi moja, mvumo wa mumewe ulipokwisha kuzama chini ya miti, Zawena aliinuka. Aliyafunika mayai kwa maganda laini, akayatazama, akasogeza ganda moja lililokuwa limekaa vibaya. Alijiambia kwamba jua lilikuwa kali na mayai hayatapoa. Alijiambia atakwenda kutazama tu. Akatoka.

Lakini alikuwa hondohondo, na mabawa ya hondohondo hayajui siri. Angeruka, bonde zima lingemsikia kabla hajafika, na Sekiete angeinua kichwa na kusema, huyo ni mke wangu. Kwa hiyo hakuruka. Alishuka mlima mzima kwa kurukaruka kutoka tawi hadi tawi, akishika matawi kwa mdomo pale miguu iliposhindwa, mabawa ameyabana ubavuni kama mtu aliyebeba mzigo kwapani. Safari ambayo Sekiete aliimaliza kwa pumzi chache ilimchukua yeye asubuhi nzima. Alipoufikia mkuyu, utosi ulikuwa umejaa utando wa buibui na jua lilikuwa limeshavuka katikati ya anga.

Akajificha nyuma ya majani, akaangalia.

Sekiete alikuwa ameketi kwenye tawi nene. Karibu naye, si karibu sana, alikuwa Kulukulu. Alikuwa mzee kuliko Zawena alivyomfikiria. Manyoya ya kichwani yalikuwa yamechakaa upande mmoja, na alikula polepole kama asiyekuwa na wa kula naye siku nyingine. Zawena aliliona hilo, akalisukuma pembeni, kwa sababu wakati huohuo Kulukulu alihamia tawi la juu, na mabawa yakafunguka. Wekundu ulikuwa kama Mama Chozi alivyosema. Ulikuwa zaidi.

"Na mama wa nyumbani je?" Kulukulu aliuliza. "Hujanipa habari zake leo."

"Hajambo," Sekiete akasema. "Ana maneno, lakini hajambo. Kila jioni ananiuliza nilikuwa wapi."

"Nawe unamjibuje?"

"Namwambia bondeni."

Kulukulu akacheka. Sekiete naye akacheka, kile kicheko chake cha kooni ambacho Zawena alidhani kiliisha pamoja na zambarau.

Ndivyo ilivyokuwa, na hapakuwa na zaidi. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Hakuna aliyenong'ona. Lakini Zawena alihisi afadhali angekuta jambo la kumlaumu mtu, kuliko kukuta kwamba kicheko cha mumewe bado kipo, kizima, na kwamba kinakaa huku. Alibaki nyuma ya majani akisubiri wafanye kosa. Hawakufanya. Sekiete akala alichotakiwa kula, akaaga, akachuma kuyu moja, akaruka kwenda nyumbani.

Pigo zito, pigo jepesi. Mvumo ukapita juu ya kichwa cha Zawena na kupanda mlima.

Hapo akakumbuka mlango ulivyo mpana.

Safari ya kurudi hakujificha tena. Aliruka kwa nguvu zake zote, msitu mzima ukavuma, lakini Sekiete alikuwa mbele. Alipotua kwenye mvule alikuta kuyu limelala chini ya mti, limepasuka. Ganda la yai lilikuwa kwenye tawi la mlangoni, na unyevu wake ulikuwa haujakauka. Manyoya ya kijivu ya kima yalikuwa yamenasa kwenye gome. Na ndani ya tundu, kwenye kiti chake, aliketi Sekiete juu ya yai lililobaki. Aliketi vibaya, kifua kimeinuka upande, bawa moja limejikunja ukutani, kama mtu anayejaribu kazi ambayo hakuwahi kuitazama ikifanywa.

"Lina ubaridi," alisema bila kuinua kichwa. "Sijui kama ndivyo linavyokuwa."

Zawena akasogea mlangoni.

"Ulikuwa wapi?" Sekiete akauliza.

Kulikuwa na majibu mengi ambayo mke anaweza kutoa. Zawena aliyapitia yote, na kila moja lilikuwa na utando wa buibui utosini. Mwishowe akasema, "Bondeni."

Sekiete akajiinua. Akatoka kwenye kiti, akampisha. Zawena akaingia, akaligeuza yai, upande uliokuwa chini ukawa juu, akalilalia kwa kifua chote. Wakakaa hivyo, mmoja ndani, mwingine mlangoni, hadi jua likaingia kwenye shina na kuwa jekundu, na Zawena akachukia hata jua kwa wekundu wake. Baada ya muda mrefu alihisi kitu chini yake. Ndani ya ganda, kitu kilijinyoosha kidogo, kikatulia.

"Liko hai," alisema.

Sekiete akafumba macho.

"Sasa nenda uniletee udongo," Zawena akasema.

"Udongo wa nini?"

"Wa mlango."

Sekiete alidhani ni kwa sababu ya kima. "Ni kweli. Tupunguze mlango, kima asipite."

"Tuuzibe," Zawena akasema. "Kima alikuja mara moja. Mimi ningetoka tena kesho. Nakwambia ukweli: huyu ndani amejinyoosha, nimemsikia, na bado nusu ya moyo wangu iko kule bondeni inatazama umekaa na nani. Nikiwa na mlango, nitatoka. Sitaki kuwa na mlango."

"Na chakula?"

"Utaleta wewe. Utapitisha kwenye ufa. Usiporudi, hatutaweza kutoka kukutafuta. Tutakufa humu, mimi na mtoto wako, na utajua ni kwa nini."

"Hilo ni tishio, Zawena?"

"Ni hesabu yangu. Mimi nimefungwa na mti, wewe utafungwa na ufa. Tutakuwa sawa."

 Sekiete angeweza kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini alikuwa ameketi kwenye kile kiti kwa muda mfupi tu, na muda huo mfupi ulikuwa umemtosha. Aliona jinsi msitu ulivyo mpana ukiutazama kutoka pale, na jinsi kila upepo unavyofanana na mtu anayerudi. Akaenda mtoni, akameza udongo, akarudi akautema kidonge kwa kidonge kwenye mdomo wa mkewe. Zawena akaupaka kwa ubavu wa mdomo wake, kutoka ndani, akiusawazisha, akibomoa palipokaa vibaya na kupaka upya. Alipobakisha nafasi ya kichwa, Sekiete akasema, "Acha hapo, upate kuona nje."

"Nikiona nje nitaona mkuyu," Zawena akajibu, akaendelea kupaka.

Alibakisha mwanya wa ncha ya mdomo, basi. Giza lilipotimia ndani, aling'oa manyoya marefu ya mabawa yake, moja baada ya jingine, akayatandika chini ya yai. Alisema ni ya kumpa mtoto joto. Na kweli yalimpa joto.

Habari ilifika bondeni haraka, kwa kuwa Mama Chozi aliibeba. Kulukulu aliposikia kwamba yai limepotea na kwamba wekundu wake umetajwa mlangoni pa Zawena, aliacha kula. Alikunja mabawa, akayabana, na tangu hapo akawa akitembea juu ya matawi kwa miguu, akiruka pale tu panapomlazimu. Sekiete alipokuja, alimwambia, "Ile desturi ya kuketi, wewe nimekusamehe. Meza unachoweza, uende." Sekiete akameza makuyu hadi koo likajaa, akaondoka akivuma, pigo zito na pigo jepesi. Zawena alimsikia angali mbali.

Na tangu siku hiyo, kila kiangazi, hondohondo jike huomba udongo mwenyewe na kuziba mlango akiwa ndani. Manyoya ya mabawa yake huanguka, na hana pa kwenda. Dume haketi tena kivulini. Huruka asubuhi hadi jioni na mabawa yake huvuma msitu mzima, kwa maana anataka asikike akirudi. Kulukulu naye huficha wekundu wake, na ukitaka kuuona lazima umshtue aruke. Mtoto akikua na manyoya yakiota upya, jike huubomoa ukuta kwa mdomo wake, akatoka, na kituo chake cha kwanza ni mkuyu wa bondeni, ambako huketi kwenye tawi moja na mumewe na kula. Mwaka unaofuata, wakati ukifika, huomba udongo tena.

Lakini hapo katikati, wakati ukuta ungali mbichi, ukibahatika kusimama chini ya mti kama huo, tulia utazame. Dume atatua, atagonga shina, atatoa tunda kooni na kulipitisha kwenye ufa. Jike atalipokea. Hatalimeza mara moja. Kwanza ataliviringisha mdomoni, upande huu na upande ule. Wapita njia husema anatafuta upande laini. Dume hujua anachotafuta. Hung'ang'ania gome la mti, hungoja hadi amalize kunusa, kisha humpa lingine.